Kumzika Kiongozi Aliyeuawa: Heshima ya Dola na Deni la Haki

Tarehe 30 Juni 2022, jijini Kinshasa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilimzika waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Emery Lumumba, miaka 61 baada ya kuuawa. Palikuwa na jeneza lililofunikwa bendera, gwaride la heshima, hotuba, wageni wa kimataifa na maombolezo ya taifa zima. Ndani ya jeneza mlikuwa na jino moja. Hicho ndicho kilichosalia cha mtu ambaye waliomuua walidhamiria asiwe na kaburi.

Machozi ya siku ile yalikuwa ya haki. Hata hivyo, tukio lile lilirudisha mezani swali ambalo nchi nyingi, zikiwemo za ukanda wetu, zimekutana nalo na kulipita mbio: dola inapomzika kiongozi aliyeuawa, inafanya kazi gani hasa? Kiongozi aliyefariki kwa maradhi huacha pengo. Aliyeuawa huacha pengo na kesi. Pengo linaweza kuzibwa kwa heshima na kumbukumbu, lakini kesi ina njia yake: uchunguzi, ushahidi na hukumu. Ninachoshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba mazishi ya kitaifa hayawezi kulipa deni la haki, na hatari huanza pale dola inapoyatumia kana kwamba yamekwisha kulilipa.

Kazi halali za mazishi ya kitaifa

Tuanze na yale ambayo mazishi haya hutenda vizuri. Kwanza, huthibitisha kifo. Rais Laurent-Désiré Kabila alipopigwa risasi na mlinzi wake katika jumba la Palais de Marbre, Kinshasa, tarehe 16 Januari 2001, kwa siku mbili Wakongo hawakujua wamwamini nani. Kutoka Zimbabwe zilikuja taarifa kwamba amefariki, huku serikali yake ikishikilia kuwa angali hai. Kifo kilitangazwa rasmi tarehe 18. Mwili uliporudi kutoka Harare, ukapitia Lubumbashi, kisha ukazikwa Kinshasa tarehe 23 mbele ya Palais de la Nation, ubishi wa kama rais yu hai au la ulikwisha. Katika nchi iliyokuwa vitani, yenye majeshi ya mataifa kadhaa ndani ya mipaka yake, hilo halikuwa jambo dogo.

Pili, mazishi huonyesha kwamba madaraka hayakufa na mtu. Siku tatu baada ya baba yake kuzikwa, Joseph Kabila aliapishwa kuwa rais. Huko Washington, tarehe 25 Novemba 1963, Lyndon Johnson alitembea kwa miguu katika msafara wa mazishi ya John F. Kennedy mbele ya wajumbe wa mataifa zaidi ya 90, akiwemo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Kila hatua aliyopiga iliwaambia marafiki na maadui wa Marekani kwamba nchi ina rais.

Tatu, mazishi humpa marehemu nafasi katika historia ya taifa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi aliyepigwa risasi Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, alizikwa kwenye kilima cha Vugizo kinachoutazama mji, na kila mwaka Warundi humkumbuka tarehe hiyo. Abeid Amani Karume, rais wa Zanzibar, aliuawa Kisiwandui, Unguja, jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, akazikwa hapohapo kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi. Mpaka leo viongozi na wananchi hukusanyika pale kila tarehe 7 Aprili kumsomea dua, na siku hiyo ni ya mapumziko kwa Tanzania nzima.

Ukizipima kazi hizi tatu, utaona kwamba zinamhusu marehemu, mrithi wake na taifa. Hakuna hata moja inayomhusu muuaji. Kennedy alizikwa siku moja tu baada ya Lee Harvey Oswald, aliyeshtakiwa kwa kumuua, kupigwa risasi na Jack Ruby mikononi mwa polisi wa Dallas. Marekani ilimzika rais wake ikijua kwamba mshtakiwa hatasimama kizimbani. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren ilitoa ripoti mwaka uliofuata na kusema Oswald alitenda peke yake, lakini Wamarekani wengi hawajairidhia hadi leo. Mazishi yalikuwa ya kupigiwa mfano, na bado swali la muuaji liliendelea kuitafuna nchi ile kwa miongo mingi.

Mwili uliokusudiwa kupotea

Waliomuua Lumumba walielewa nguvu ya kaburi. Alikuwa ameongoza serikali kwa chini ya miezi mitatu. Septemba 1960 Rais Joseph Kasavubu alitangaza kumfukuza kazi, na siku chache baadaye Kanali Joseph Mobutu akatwaa madaraka. Lumumba alitoroka kizuizini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwishoni mwa Novemba akielekea Stanleyville, ngome ya wafuasi wake, lakini askari wa Mobutu walimkamata njiani na kumfunga Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 alisafirishwa kwa ndege hadi Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Walipigwa wakiwa ndani ya ndege. Usiku huohuo walipigwa risasi porini, mahali panapoitwa Shilatembo, mbele ya viongozi wa Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe na mbele ya maofisa wa Kibelgiji.

Kisha ikafuata kazi ya kuifuta maiti. Gerard Soete, ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliyekuwa akitumikia Katanga, alisimamia kufukuliwa kwa miili, kukatwakatwa kwake na kuyeyushwa kwake kwa tindikali. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alibaki na meno. Karibu mwezi mzima ulipita kabla ya Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, kutangaza tarehe 13 Februari kwamba Lumumba alitoroka na kuuawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo, nao ulihitaji pasiwe na mwili wa kuukanusha.

Sababu ya ukatili huu wa pili haifichiki. Kaburi lingekuwa mahali pa kukutania. Lingezaa tarehe, na tarehe ingezaa mkutano. Mjane wake, Pauline Opango, alilijua hilo. Habari ya kifo ilipothibitishwa, alitembea katika mitaa ya Léopoldville kifua wazi, kwa desturi ya wanawake waliofiwa, akidai apewe mwili wa mumewe. Hakupewa. Alifariki Desemba 2014 bila kumzika.

Kwa Waswahili, Waislamu na Wakristo, na kwa jamii nyingi za bara, msiba una ngazi zake: maiti kuoshwa na kuvikwa, kusaliwa, kuzikwa, watu kukaa matanga, kisha kuondoa tanga. Familia isiyopewa maiti hukwama kwenye ngazi ya kwanza. Ndiyo maana kuficha mwili ni kosa linalojitegemea, juu ya kosa la kuua, na linastahili kuhesabiwa hivyo.

Safari ya jeneza

Jino lilirudi kwa sababu watu hawakuchoka. Mwaka 1999 mtafiti wa Kibelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kilichoonyesha kwa nyaraka jinsi serikali yake ilivyohusika. Bunge la Ubelgiji liliunda tume, na mwaka 2001 ikahitimisha kwamba baadhi ya mawaziri na maofisa wa Ubelgiji walibeba wajibu wa kimaadili kwa yaliyompata Lumumba. Mwaka 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, aliomba radhi. Mwaka 2011 familia, ikiongozwa na François Lumumba, ilifungua malalamiko ya jinai mjini Brussels. Katika uchunguzi uliofuata, mwaka 2016, jino lilikamatwa kutoka kwa binti wa Soete. Mwaka 2020 Juliana Lumumba alimwandikia barua Mfalme Philippe kudai mabaki ya baba yake, na mwaka huohuo mahakama ya Ubelgiji ikaamua yarudishwe.

Tarehe 20 Juni 2022 mwendesha mashtaka aliikabidhi familia kisanduku chenye jino katika hafla iliyofanyika Brussels. Waziri Mkuu Alexander De Croo akaomba radhi upya kwa niaba ya serikali yake. Kutoka hapo jeneza lilirudi Kongo na kuanza safari iliyokuwa na maana kuliko hotuba zote. Lilipelekwa Sankuru, alikozaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Onalua, ambako ukoo wake wa Watetela ulipata kumlilia nyumbani. Likaenda Kisangani, ile Stanleyville alikofanya kazi ya posta na kujijengea wafuasi kwa Kiswahili na Kilingala. Likafika Shilatembo, pale alipouawa. Mwishowe likarudi Kinshasa na kuzikwa Limete, siku ileile ya uhuru ambayo mwaka 1960 alisimama mbele ya Mfalme Baudouin na kuyataja hadharani mateso ya ukoloni.

Mpangilio huu ulikuwa na hekima. Ulianza na damu yake, ukaendelea na watu wake, ukapita mahali pa uhalifu, na mwisho ndipo ukafika serikalini. Mazishi mengi ya kitaifa huenda kinyume: serikali hutangulia, familia hupewa viti vya mbele, na mahali pa mauaji hukwepwa. Kwa hatua ile ya Shilatembo, dola ya Kongo ilikubali angalau kusimama pale na kusema kwamba hapa palitendeka jinai.

Mkono unaozika

Bado kuna swali gumu zaidi: nani ana haki ya kumzika? Tarehe 30 Juni 1966 Lumumba alitangazwa shujaa wa taifa. Aliyemtangaza alikuwa Mobutu, yuleyule ambaye askari wake walimkamata na ambaye utawala wake ulimkabidhi kwa maadui zake wa Katanga. Mnara wa Limete ambao leo uko jirani na kaburi lake ulianza kujengwa chini ya utawala huohuo. Heshima ilitangulizwa, na kwa miaka 32 ya Mobutu haikufuatwa na kesi. Sifa ilifanya kazi ya kufunga vinywa, kwa kuwa ni vigumu kuishtaki serikali inayomtukuza uliyemlilia.

Hata mwaka 2022 historia haikuwa mbali. Rais Félix Tshisekedi, aliyeongoza mazishi, ni mtoto wa Étienne Tshisekedi, ambaye alikuwa naibu kamishna wa sheria katika serikali ya makamishna iliyowekwa na Mobutu, iliyokuwa madarakani Lumumba alipopelekwa Katanga. Mtoto habebi dhambi ya baba, na Étienne Tshisekedi mwenyewe aliishi baadaye miongo kadhaa akimpinga Mobutu. Lakini dola ni ileile moja, na nyaraka zake ni zilezile. Anayeongoza dola hiyo anaweza kuzifungua. Kumzika Lumumba ilikuwa nusu ya wajibu. Kusema upande wa Kongo ulifanya nini ni nusu nyingine, nayo imetajwa kidogo mno ikilinganishwa na lawama, za haki kabisa, zilizoelekezwa Brussels.

Vivyo hivyo kwa Washington. Mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilieleza jinsi shirika la ujasusi la CIA lilivyoandaa mpango wa kumuua Lumumba kwa sumu. Mpango ule haukutimia, lakini kusudi lilikuwepo, na waliokusudia hawakuwahi kujibu mbele ya mahakama yoyote.

Burkina Faso inatupa somo la upande wa pili. Rais Thomas Sankara aliuawa tarehe 15 Oktoba 1987 pamoja na wenzake 12, wakazikwa usiku kwa haraka, na cheti rasmi kikadai amekufa kifo cha kawaida. Blaise Compaoré, rafiki yake aliyechukua nafasi yake, alitawala miaka 27. Baada ya wananchi kumwondoa mwaka 2014, makaburi yalifukuliwa, kesi ikasikilizwa, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikamhukumu Compaoré kifungo cha maisha akiwa hayupo. Hukumu ndiyo iliyotangulia mazishi ya heshima ya Februari 2023. Hata hivyo serikali iliamua kumzika pale alipouawa, Ouagadougou, na familia yake ikakataa kuhudhuria kwa sababu haikutaka alale mahali alipomwagiwa damu. Haki ilipatikana, ila idhini ya wafiwa ikakosekana, na hilo nalo ni jeraha.

Kenya ilionja mapema kinachotokea umma usipoamini mkono unaozika. Tom Mboya, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa Accra wa Desemba 1958 ambako Lumumba alihudhuria akiwa kijana asiyejulikana sana nje ya nchi yake, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Siku ya misa yake, msafara wa Rais Jomo Kenyatta ulipokelewa kwa mawe na makelele ya hasira, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi nje ya kanisa. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa mwaka huohuo. Swali la nani alimtuma halikujibiwa, na mpasuko wa kisiasa uliofuata baina ya Waluo, jamii ya Mboya, na serikali umeishi kuliko kizazi kilichoushuhudia.

Haki ya haraka na haki ya kukisia

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni kuchelewa tu: mahakama zifanye haraka, na mazishi yatapata utulivu. Ushahidi wa ukanda wetu hauungi mkono hilo moja kwa moja. Muuaji wa Rwagasore, Mgiriki Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru wa Burundi, na pamoja naye likazikwa swali la wajibu wa watawala wa kikoloni. Burundi huru ilirudia kesi ya washirika wake, na watano wakanyongwa Januari 1963. Nchi ilipata hukumu mbili bila kupata ukweli mmoja wa kukubaliana.

Zanzibar, kesi ya uhaini iliyofuata kifo cha Karume iliwagusa watu wengi, na mmoja wa washtakiwa, Abdulrahman Babu, alihukumiwa akiwa kizuizini Tanzania Bara, ambako Mwalimu Nyerere hakukubali kumrudisha Visiwani. Aliachiwa mwaka 1978. Kongo, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu kadhaa adhabu ya kifo Januari 2003 kwa mauaji ya Laurent Kabila, akiwemo Kanali Eddy Kapend aliyesisitiza kila mara kwamba hana hatia. Januari 2021 alitoka gerezani kwa msamaha wa rais. Muuaji mwenyewe aliuawa papo hapo siku ya tukio, na Wakongo wengi wangali wakiuliza nani alikuwa nyuma yake.

Burundi tena: Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache baada ya kushinda uchaguzi. Alizikwa tarehe 6 Desemba, wakati mauaji yakiendelea vijijini na serikali ikiwa haina nguvu. Mazishi hayakutuliza kitu. Hukumu iliyomgusa Rais wa zamani Pierre Buyoya ilitolewa Oktoba 2020, miaka 27 baadaye, yeye akiwa hayupo mahakamani, na akafariki miezi miwili baadaye akiikana. Kwa hiyo hukumu inayoharakishwa ili kufunga faili inafanana sana na heshima inayotolewa ili kufunga mdomo, na hukumu inayochelewa hadi washtakiwa na mashahidi wafe huwaachia wanasiasa nafasi ya kuisema wapendavyo.

Hoja ya utulivu na jibu lake

Kuna hoja nzito upande wa pili, na inafaa ipewe uzito wake. Nchi iliyopoteza kiongozi kwa risasi iko karibu na moto. Serikali haiwezi kuiacha maiti ikingoja uchunguzi wa miaka, wala haiwezi kugeuza jeneza kuwa jukwaa la kutaja watuhumiwa. Burundi ya 1993 na Kenya ya 1969 zinaonyesha jinsi hasira ya msibani inavyoweza kugeuka maafa. Kwa hiyo, wanasema, tuzike kwanza kwa heshima na umoja, mengine yatafuata.

Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Kuzika haraka ni sahihi, na kwa Waislamu ni wajibu. Shida iko katika maneno «mengine yatafuata», maana kwa kawaida hayafuati. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Utulivu wa kweli huletwa na ahadi inayoweza kupimwa: kwamba uchunguzi umeanza, nani anauongoza, na lini wananchi watasoma ripoti yake. Serikali inayoweza kupanga mizinga 21 kwa sekunde inaweza pia kutaja tarehe ya ripoti.

Kutokana na mifano hii vinatokea vipimo vinne vya mazishi ya kitaifa yenye uadilifu. Kwanza, wafiwa waamue mahali na namna, kama ilivyokuwa Sankuru na kama isivyokuwa Ouagadougou. Pili, uchunguzi huru utangazwe kabla ya jeneza kushushwa, ukiongozwa na watu ambao mrithi wa marehemu hawezi kuwafukuza. Tatu, waliouawa pamoja na kiongozi wahesabiwe. Mpolo na Okito walisimama mbele ya risasi zilezile, na leo wao hawana hata jino. Nne, kumbukumbu itunzwe, kaburi na nyaraka pia. Novemba 2024 kaburi la Limete lilivamiwa na kuharibiwa, miaka miwili na nusu tu baada ya mazishi yaliyotazamwa na dunia.

Kwa Lumumba, mlango wa haki haujafungwa kabisa. Juni 2025 waendesha mashtaka wa Brussels waliomba Étienne Davignon, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wakati ule na baadaye kiongozi mkubwa wa Ulaya, apelekwe mahakamani kwa tuhuma za kuhusika. Wakati huo ndiye pekee aliyebaki hai kati ya watuhumiwa kumi waliotajwa na familia mwaka 2011, naye alikana kuhusika. Mtuhumiwa ana haki ya kujitetea kikamilifu, na familia ya Lumumba ina haki ya kusikia utetezi huo ukitolewa mbele ya hakimu. Kinshasa nayo isisubiri Brussels. Ina nyaraka zake, ina mashahidi wachache waliobaki, na ina vyuo vikuu vyenye wanahistoria wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa Kifaransa, kwa Kilingala na kwa Kiswahili, lugha za watu waliosimama barabarani mwaka 2022. Itakapofungua nyaraka hizo na kusema kwa majina upande wake ulitenda nini, heshima iliyotolewa Limete itakuwa imepata kitu cha kuisimamisha.